Mke wangu kapimwa kila kitu miaka mitatu, nimeenda kujipima kimya kimya majibu yamenitoa jasho. Naombeni ushauri

Fundi_Geti:
Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa karakana, wenzangu washafunga mi bado nimekaa naangalia karatasi.

Nina miaka 36, mke wangu 33, huu mwaka wa nne wa ndoa na hatujawahi kushika hata mimba ya kutoka. Mi mchomeleaji, natengeneza mageti na madirisha hapa Morogoro. Miaka mitatu hii anayepimwa ni yeye tu. Kapigwa utrasaundi sijui mara ngapi, kaambiwa ana PID, yani maambukizi kwenye kizazi, katibiwa mara tatu, kapimwa homoni siku ya 21 wakasema yai halitoki, kafanya ile picha ya mirija ya kuingiziwa dawa, alitoka chumba kile kainama kashika ukuta, majibu wa kulia upo wazi wa kushoto umeziba. Akaingia kwenye dawa za mtandaoni za kuzibua mirija, laki tatu na themanini, chupa mbili na unga wa kijani, akaharisha wiki nzima basi. Muda wote huo mi natoa hela najiona mume bora. Nikiambiwa na mimi nikapime najibu mbona mi nina mtoto, na kweli ninaye, nilimpata na dada mmoja nikiwa na miaka 23, yupo darasa la saba saa hizi.

Mwezi uliopita mama kanipigia toka Kilosa, eti kuna binti wa jirani katulia sana. Nikawaza. Hapa sitawaficha, nilienda kupima ili nipate karatasi inayosema mi mzima, nikioa tena nioe roho ikiwa safi. Majibu ndo haya: mbegu milioni 11 kwa mili moja, zinazotembea asilimia 6, usaha mwingi. Kijana wa maabara kaniandikia antibayotiki kaniambia mzee tatizo ni wewe.

Sijalala siku tatu. Je mi ni tasa? Na mke wangu namwambiaje?

Dar_Moro_Express:
Pole mkuu. Ila hiyo ya kutafuta karatasi ya kuolea mke wa pili, duh.

Maabara_Mzee:
Kabla hatujafika mbali, sampuli uliitoaje? Wapi, kwenye chombo gani, ikakaa muda gani kabla hawajaipima, na mara ya mwisho kukutana na mkeo ilikuwa lini? Usione aibu, jibu vyote.

Fundi_Geti:
Mzee niliitolea nyumbani kwenye kondomu, maana pale kwao choo ni kimoja na nje kuna foleni ya akina mama na watoto. Nikaifunga fundo nikatia kwenye mfuko, nikapanda daladala, mpaka ipokelewe nadhani saa moja na nusu ilipita. Na usiku wake nilikuwa na mke wangu.

Maabara_Mzee:
Chana hiyo karatasi. Sitanii.

Kondomu za kawaida zina vilainishi na nyingine zina dawa ya kuua mbegu kabisa, ulichopeleka ni maiti halafu ukashangaa hazitembei. Kipimo cha mbegu kina masharti yake: ukae bila kumwaga siku 2 mpaka 7, chini ya hapo idadi inashuka, zaidi ya hapo zinazotembea zinapungua. Unatoa kwa mkono, bila mafuta wala mate, kwenye kikopo kisafi cha mdomo mpana unachopewa na maabara yenyewe, na tone la kwanza lisikupotee maana ndo lenye mbegu nyingi. Ukitolea nyumbani ifike ndani ya saa moja, ikae karibu na mwili wako, sio kwenye friji na sio juu ya dashibodi ya gari. Maabara iliyopokea kondomu iliyofungwa fundo bila kukuuliza chochote, usirudi hapo.

Huo usaha pia usiuamini moja kwa moja. Mbegu changa ambazo hazijakomaa ni duara, chini ya darubini mtu asiye makini anaziita usaha, ndo maana kuna wanaume wanameza antibayotiki za kitu wasichonacho.

Na namba zenyewe: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka mpaka wa chini milioni 16 kwa mili moja na zinazotembea asilimia 42. Zimechukuliwa kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na katika kila mia watano walikuwa chini ya hapo na bado wakawa baba. Kwahiyo hata zikirudi pungufu hiyo haiitwi utasa. Ukipata mbaya tena rudia baada ya miezi mitatu hivi, maana mbegu inachukua siku 70 na kitu kutengenezwa, ukiwa uliugua malaria kali yenye homa mwezi juzi itaonekana leo.

Shangazi_Kihonda:
Mi mwenzenu nimekwama pale aliposema mkewe kainama kashika ukuta. Miaka mitatu mwanamke anapanuliwa, anachomwa, anaharishwa, na kipimo chako wewe kilikuwa ni kikopo na dakika kumi. Hiyo ya nina mtoto wa darasa la saba nimeisikia kwa wanaume wengi. Mtoto wa miaka 13 iliyopita anathibitisha ulikuwa mzima miaka 13 iliyopita. Hapo katikati umeugua nini? Kisonono hujawahi?

Fundi_Geti:
Shangazi umenipiga pabaya. Ndio, mara mbili, nikiwa kijana, nilichomwa sindano ikaisha.

Shangazi_Kihonda:
Haya.

TibaAsili_Babu:
Kaka usihangaike na mahospitali, nina mchanganyiko wa mizizi mbegu zinakuwa nzito kama uji siku 14 tu, mrija wa mkeo unafunguka pia, njoo inboksi.

Dar_Moro_Express:
Babu dawa moja inafanya mbegu nzito na inafungua mrija, hiyo ni dawa au bisibisi?

Nesi_Mama_Pacha:
Pole kaka. Mi nimekaa kliniki ya uzazi miaka mingi kidogo, naomba nimrudie mke maana naona na yeye kasomewa majibu vibaya. Mzunguko wake ni wa siku ngapi?

Fundi_Geti:
Siku 35, wakati mwingine 36. Anaandika kwenye kalenda ya ukutani anaweka duara nyekundu.

Nesi_Mama_Pacha:
Nilijua tu. Homoni ile inapimwa siku ya 21 kwa mwanamke wa siku 28, kwasababu lengo ni siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Wa siku 35 yai lake linatoka kwenye ile ya 21 yenyewe, sasa ukimpima siku hiyohiyo lazima ionekane halijatoka. Arudie siku ya 28. Yani kaitwa mgonjwa kwa kosa la kalenda. Na mzunguko mrefu hivyo wamuangalie pia tezi ya shingo, homoni ya maziwa, na kama ovari zina vile vifuko vidogo vidogo, hasa kama ana chunusi au ndevu kidogo.

Mrija mmoja kuziba sio mwisho wa dunia, kwa huo wa kulia anaweza kubeba. Na mara nyingine kwenye HSG, ndo hiyo picha ya mirija, mrija unabanwa na misuli kwa maumivu tu, dawa haipiti, wanaandika umeziba. Lakini kaka hapa nitasema usilotaka kusikia. Kinachoharibu mirija kwa kiasi kikubwa ni maambukizi ya zamani, kisonono na hasa klamidia, ambayo mtu anaweza kuwa nayo bila kuumwa chochote. Sisemi umempa wewe, hakuna anayeweza kusema hivyo leo. Nasema kama katibiwa PID mara tatu na wewe hukutibiwa hata mara moja, mlikuwa mnadeki nyumba huku bomba linavuja.

Halafu msisubiri tena. Utaratibu ni mwaka mmoja wa kujaribu ndo mnapimwa, mwanamke akifika 35 miezi sita tu. Nyie mpo mwaka wa nne. Nendeni wawili, daktari mmoja, faili zote mezani.

Chuma_Mwepesi:
Mkuu unapiga jimu? Mi nilijidunga sindano za homoni za kujaza misuli karibu mwaka na nusu, kifua kikawa kama mlango, kupima mbegu ni sifuri kabisa. Dokta akanieleza ile homoni ya kutoka nje ikiingia ubongo unaziambia korodani pumzikeni. Niliacha, ilichukua kama mwaka kurudi. Kama hutumii basi muombe dokta akushike korodani kabisa ukiwa umesimama wima, aangalie ile mishipa iliyovimba upande wa kushoto, kwa wengine inafanyiwa upasuaji. Na hiyo kazi yako ya joto tanua suruali kidogo bana.

Fundi_Geti:
Jimu situmii mkuu, nyundo inatosha.

Fundi_Geti: *(wiki tatu baadae)*
Nimerudi kuwapa mrejesho.

Nilimwambia. Nilipanga nimtoe tukale samaki nimwambie kistaarabu, nikashindwa, nikamwambia jikoni anakatakata mchicha. Nikamwambia vyote, kondomu, kisonono, na ya binti wa Kilosa. Akaendelea kukata mpaka mchicha ukawa kama unga. Halafu akaenda chumbani akarudi na bahasha ya kaki imechanika pembeni, akamwaga mezani picha zote, risiti zote, akasema soma moja moja kwa sauti. Nikasoma. Usiku ule nililala sebuleni na sikubisha.

Nimerudia kipimo hospitali ya rufaa, kwenye kikopo, siku 4 bila kukutana: milioni 14, zinazotembea asilimia 37. Usaha hakuna. Dokta kanishika kakuta mishipa kushoto kweli, sio mikubwa, kasema tupime tena baada ya miezi mitatu ndo aamue. Mke karudia siku ya 28, yai linatoka. Kwahiyo miaka yote hiyo alikuwa anatoa yai na mi niko bize kuwaambia watu mke wangu hapevushi. Dokta kasema wote tuna upungufu kidogo kidogo, ukijumlisha ndo umekuwa mkubwa, tukutane kila baada ya siku mbili tatu, habari za kulimbikiza tuache.

Mama nilimpigia jana. Nikamwambia tatizo tunalo wote wawili na langu lina karatasi. Kakaa kimya muda mrefu nikajua simu imekatika. Halafu akauliza kama huku kwetu mvua imenyesha.

Shangazi_Kihonda:
Imenyesha?

Fundi_Geti:
Ya kutosha. Narudi chumbani leo.