K ya Njomo ilikuwa nne

Kikundi: FAMILIA YA BI RUKIA
Jumamosi usiku

Rehema: Asalaam aleikum nyote
Rehema: [picha]
Rehema: Nimeletewa barua hii na benki leo. Mkopo wangu wa mitumba unahamishwa, eti kuanzia mwisho wa Februari riba itakuwa "KESONIA + K". Mjomba Hamisi uko? K ni nini?

Kibwana: K ni Kibwana. Nilipwe.

Shangazi Zuhura: Wewe nyamaza. Waaleikum salaam mwanangu. Pole na kazi.

Mjomba Hamisi: Nimeiona. Natafuta miwani.

Bi Rukia: [ujumbe wa sauti, 0:41]

Shangazi Zuhura: Kwa wasiofungua sauti: Mama asema riba ni riba hata uivike kanzu. Na anauliza nani kaondoka na ufunguo wa tangi la maji.

Athman: Si mimi. Mimi niko Mtwapa tangu Jumatano.

Mjomba Hamisi: Haya. Rehema, sikiliza. KESONIA ni wastani wa riba ambayo benki zenyewe zinakopeshana kwa usiku mmoja. Hiyo Benki Kuu huitangaza, hamna mtu wa kukudanganya hapo. Ujanja wote uko kwenye K. Ndani ya K mna gharama zao za kuendesha mikopo, mna faida ya wenye hisa, halafu mna wewe. Yaani wanakuonaje, mlipaji au msumbufu.

Rehema: Kwa hivyo K yangu na K ya Athman si moja?

Mjomba Hamisi: Zitakuwaje moja? Athman mwalimu, mshahara wake wapita hapohapo benki kabla hajaushika. Wewe pesa zako ziko kwenye mkoba kiunoni, sokoni Kongowea.

Athman: Zamani ilikuwa moja. Mwalimu, muuza mitumba, tajiri wa Nyali, wote K nne. Wakati wa Njomo.

Kibwana: Njomo ndiye nani?

Athman: Hawa watoto wa chuo kikuu jamani. Jude Njomo, mbunge wa mji wa Kiambu, aliingia 2013. Yeye ndiye aliyeleta mswada wa kuzifunga benki kamba ya riba. Bunge la Taifa likaupitisha Julai 2016, Rais Uhuru akatia saini tarehe 24 Agosti, Septemba 14 ukaanza kazi. Kiwango cha riba cha Benki Kuu ongeza asilimia nne, basi, usizidishe hata nukta. Benki ikizidisha faini isiyopungua milioni moja, isipolipwa mkurugenzi wake mkuu aende ndani mwaka mzima.

Kibwana: Mkurugenzi wa benki gerezani Shimo la Tewa 😂

Athman: Cheka. Mimi nilikuwa nalipa asilimia 19 mkopo wa kiwanja. Mwezi ule wa Septemba ikashuka hadi 14 bila mimi kumwomba mtu. Nyumba hii mnayokuja kula pilau kila Idi, paa lake ni la Njomo.

Mjomba Hamisi: Hilo ni kweli. Nilikuwa bado kazini wakati ule, dawati la mikopo. Wiki ile ya kwanza foleni ilitoka mlangoni ikafika kwa muuza madafu. Nakumbuka mzee mmoja kutoka Kaloleni, alikuja na kipande cha gazeti amekitia kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha kuzaliwa. Akakiweka juu ya meza, akakipapasa kikanyooka, akasema "nataka hii."

Shangazi Zuhura: Akapewa?

Mjomba Hamisi: Alikuwa ana mkopo tayari, akapunguziwa. Wenye mkopo walipata. Tatizo ni waliokuja nyuma yake kwenye foleni.

Rehema: Nyuma yake nilikuwa mimi.

Rehema: 2017, kabla ya uchaguzi. Nilitaka laki mbili tu ninunue marobota manne. Nina leseni, nina daftari la mauzo la miaka mitatu, nimelipamba mpaka jalada. Yule afisa alilifungua ukurasa mmoja akalifunga. Hakuniambia hapana. Aliniambia "tutakupigia". Nilikaa na simu chaji imejaa mwezi mzima kama msichana aliyeposwa.

Kibwana: Wakapiga?

Rehema: Kibwana nitakupiga mimi.

Athman: Lakini hilo si kosa la Njomo. Mtu alisimama Bungeni akasema jambo ambalo kila mfanyabiashara alilijua: unaweka akiba yako wanakupa senti, unakopa hiyohiyo akiba wanakutoza ishirini na zaidi. Katikati pale ndipo kwenye ulaji. Na hakuishia kwenye mkopo, sheria yake ilitaka hata akiba ilipwe, angalau asilimia 70 ya kiwango cha Benki Kuu.

Mjomba Hamisi: Hiyo ya akiba ilifutwa 2018. Hata haikuliliwa.

Mjomba Hamisi: Nami namheshimu Njomo, msinielewe vibaya. Wabunge wengi wakisimama kuzungumza uchumi wanazungumza barabara ya kwao. Yeye alisimama na hesabu. Alifikiri kama mfanyabiashara: duka langu lazaa kumi kwa mia, nitakopaje kwa ishirini? Swali zuri. Ila alifikiri kama mfanyabiashara anayekopa. Akasahau kwamba na benki ni duka. Ukimpangia mwenye duka bei, bidhaa yake ni yake, atachagua wa kumuuzia.

Rehema: Niwaambie kwa lugha yangu. Kesho kaunti iseme kila blauzi ya mtumba Kongowea ni shilingi mia, kamera, zile bora kabisa, na fifi bei moja. Mnadhani nitaianika ile kamera? Nitaikunja niitie chini ya meza. Akija mteja wangu wa miaka kumi namtolea. Mgeni nitamwambia "leo robota lilikuwa bovu dada".

Kibwana: Fifi ni nini

Shangazi Zuhura: Zile za mwisho kabisa, zilizochanika kwapa. Kama hiyo unayovaa.

Mjomba Hamisi: Rehema umemaliza. Ndivyo ilivyokuwa. Nne ilimtosha Athman kwa sababu Athman hana hatari. Kwako wewe ile benki yangu ilipiga hesabu ikaona nne haitoshi, na kukutoza saba ni jela. Basi pesa zikaenda kwa serikali, dhamana za Hazina. Serikali haikimbii na haina daftari la kupamba. Tukaambiwa maombi ya wasio na pesilipu tusiyapandishe juu. Hakuna barua iliyoandikwa, ilisemwa tu kwenye mkutano wa asubuhi.

Rehema: Kumbe "tutakupigia" ilikuwa yenu nyote.

Mjomba Hamisi: Nisamehe mwanangu. Nami nililisema neno hilo, mara nyingi tu.

Athman: Mjomba, ngoja kwanza. Mikopo ilianza kukauka kabla ya sheria. 2015 Dubai Bank imefungwa, Imperial imefungwa, Aprili 2016 Chase Bank nayo chini. Benki zote zilikuwa zimeshikwa na woga. Sheria ikaja Septemba, ikabebeshwa mzigo wote.

Mjomba Hamisi: Hapo una haki. Kukauka kulianza mapema. Sheria iliukuta mti umenyauka, lakini haikuumwagilia.

Bi Rukia: [ujumbe wa sauti, 1:12]

Shangazi Zuhura: Mama asema zamani riba ilipangwa na serikali na watu walijenga. Halafu asema ufunguo ulikuwa umetundikwa msumarini nyuma ya mlango na sasa haupo.

Mjomba Hamisi: Mama hajakosea. Mpaka Julai 1991 riba ilikuwa ikipangwa. Ikaachiwa. Miaka miwili baadaye, wakati wa kashfa ya Goldenberg, serikali yenyewe ilikuwa inakopa kwa riba iliyopita asilimia 70. Sabini Kibwana, si kumi na saba. Watu waliuziwa nyumba wakiwa wamekaa ndani. Ndipo akatokea Joe Donde, mbunge wa Gem, na mswada wake. Naye kipimo chake kilikuwa nne! Nne juu ya riba ya dhamana za Hazina za siku 91. Ulitiwa saini Agosti 2001 lakini ukaandikwa kwamba unaanza Januari ya mwaka uleule. Benki zikakimbilia mahakamani: mtaniadhibuje kwa miezi ambayo sheria haikuwepo? Ukafia huko.

Kibwana: Sasa hii nne wanaitoa wapi? Mbona si tano, mbona si tatu na nusu?

Mjomba Hamisi: Hilo ndilo swali la kwanza la maana umeuliza tangu uende Nairobi.

Athman: Hata ingekuwa tano, mngelalamika vilevile. Niambieni basi ilipoondolewa, riba ilikwenda wapi? 2024 kiwango cha Benki Kuu chenyewe kilifika 13. Mwaka wa Njomo mkopo mzima ulikuwa 14!

Kibwana: Iliondolewaje? Walipiga kura?

Mjomba Hamisi: Kwanza mahakama. Machi 2019 majaji watatu walisema kifungu kile hakieleweki. "Mkopo" hapo ni nini hasa? Imetajwa lakini haikufafanuliwa. Bunge likapewa mwaka mmoja likirekebishe. Na kweli, mianya ilikuwa wazi. M-Shwari, ule mkopo wa simu, wakati ule ulikuwa unakopa elfu kumi, baada ya siku 30 unarudisha elfu kumi na mia saba na hamsini. Ukiiita riba, ni asilimia 90 kwa mwaka. Lakini wao waliiita ada. Ada haikufungwa kamba na mtu.

Rehema: Na sisi tuliokuwa tunasubiri kupigiwa simu, huko kwenye ada ndiko tulikoishi. Robota langu la 2018 nililinunua kwa mikopo ya simu mitatu, nalipa huu kwa ule. Sitaji kampuni. Faida yote ya majira ya baridi ikaishia kwenye ujumbe wa "asante kwa kulipa".

Shangazi Zuhura: Ulikuwa huniambii kitu mwanangu.

Rehema: Ningekwambia nini shangazi.

Mjomba Hamisi: Kibwana, jibu lako. Hazina ilijaribu kuiondoa 2018, wabunge wakakataa. Ikarudi 2019, wakakataa tena, Njomo mbele. Uhuru akaurudisha Mswada wa Fedha bila saini, akitaka kikomo kitoke. Kumpinga Rais kwenye jambo hilo kunahitaji theluthi mbili, wabunge 233. Siku ile ya Novemba wakahesabiwa ukumbini, hawakufika. Hakukuwa na haja hata ya kupiga kura. Tarehe 7 akasaini.

Athman: Wabunge waliopiga makofi 2016. Wengine walikuwa kantini.

Mjomba Hamisi: Kantini sijui. Ukumbini hawakuwemo.

Athman: Na wewe Rehema, baada ya hapo walikupigia?

Rehema: Walinipigia. 2021. Nikadhani ni wale wa "umeshinda zawadi", nikakata.

Kibwana: 😂😂😂

Rehema: Wakapiga tena. Nikapata laki tatu. Ilianza 14, sasa niko karibu 18. Kwa hivyo mimi sijui niseme nini kuhusu Njomo wenu. Bei ilikuwa nzuri, bidhaa hamna. Sasa bidhaa ipo, bei yanitoa jasho.

Athman: Mimi bado nasema Kenya ingekuwa na Njomo kumi.

Rehema: Ukiwa na paa, sema.

Mjomba Hamisi: Tusipigane. Kuna kipengele katika mswada wake ambacho hakuna aliyekiimba, nami ndicho nilichokipenda nikiwa dawatini: kabla hujampa mtu mkopo, mwambie gharama zote. Zote. Ada ya kushughulikia, bima, wakili, kila kitu. Nimeona watu wakitia saini mkopo wa 14 ambao ukijumlisha hayo mengine ni ishirini na kitu. Rehema, barua hii ina kurasa ngapi?

Rehema: Mbili. Ya pili ndiyo ya kutia saini.

Mjomba Hamisi: Itume hiyo ya pili. K yako lazima iwe imeandikwa humo kwa tarakimu.

Rehema: [picha]

Mjomba Hamisi: Imekatika chini. Piga tena, usitie kidole.

Rehema: [picha]

Shangazi Zuhura: Mimi naona vitone tu.

Athman: "K: ............ %"

Kibwana: Wameacha wazi???

Mjomba Hamisi: Rehema usitie saini kitu hicho. Umenisikia? Hata herufi moja.

Rehema: Afisa alisema nisaini kwanza, wao watajaza.

Mjomba Hamisi: Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa benki yako. Njoo na barua, njoo na daftari lako la mauzo, lile lililopambwa. Tutaketi pale mpaka waandike namba, na tutawauliza sehemu gani ni gharama zao, gani ni faida yao, gani ni wewe.

Rehema: Na wakisema watanipigia?

Mjomba Hamisi: Ndiyo maana nakuja. Hilo neno mimi nalijua linavyosemwa.

Bi Rukia: [ujumbe wa sauti, 0:09]

Shangazi Zuhura: Mama asema tangi limebaki vidole viwili.

Kibwana: Samahanini… ufunguo ninao mimi. Uko kwenye suruali. Niko Nairobi.