Fielder inachemsha mlima wa Mazeras, fundi ataka kufungua hedi (kichwa cha injini). Nimpe pesa ama ningoje?

Abuu_Mikindani

Asalaam aleikum wote, na hamjambo. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa pesa maanake fundi ananisukuma na roho yangu haijatulia.

Gari ni Toyota Fielder ya 2012, injini 1NZ. Ilianza mambo yake kwenye foleni ya feri Likoni, AC imewashwa, jua la saa saba, nikaona taa nyekundu ya temprecha imewaka. Nikazima AC ikatulia. Nikampelekea fundi wa mtaani akatoa thamostati akasema huku pwani ni joto hiyo haina kazi, halafu akaunganisha feni dairekti iwe inazunguka muda wote ukiwasha gari, akanambia basi imeisha hiyo. Mjini kweli ikawa sawa. Juzi naenda Voi mazishini, kupanda Mazeras tu taa nyekundu hiyo tena, nikasimama kando nikangoja ipoe nikageuza nikarudi polepole.

Sasa asema ni hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, na anataka shilingi 38,000, hapo ni gasketi, kuchonga hedi uso uwe sawa, oili na kazi yake. Maji ni kweli yanapungua, kila siku mbili tatu naongeza kama nusu lita, na pale ninapopaki chini hakuna tone. Natia maji ya kisima cha nyumbani ndiyo yaliyopo mifereji ikikauka. Kitu kingine, ile taa ya bluu ya injini baridi asubuhi siku hizi haizimi mpaka nikaribie Makupa, zamani hata mtaani sijatoka ishazima. Moshi sioni. Nimpe ama ningoje?

dereva_likoni

Ndugu yangu usifungue hedi kwa maneno ya mdomo. Muulize amepima na nini. Kama hajapima basi anabahatisha kwa pesa zako.

MamaSwaleh

Pole sana kakangu. Mimi gereji moja walinifungulia hedi ya Vitz wakaichonga nikalipa, wiki haikuisha ikachemsha tena foleni ya daraja la Nyali. Fundi mwingine alipokuja kuangalia ni mota ya feni imechoka, inazunguka kivivu haivuti upepo. Hedi haikuwa na neno. Na hedi ikishachongwa imechongwa, huwezi kurudisha. Hebu ngoja wenye kazi yao waje.

Makanika_Changamwe

Wa aleikum salaam Abuu. Nashukuru umeeleza kinagaubaga, jibu nusu ushalitoa mwenyewe. Mimi kazi yangu ni hii, na jambo ambalo natamani kila mwenye gari alijue ni kwamba gasketi ya hedi mara nyingi inaungua KWA SABABU gari ilichemsha. Kile kilichoichemsha kikiwa bado kipo, gasketi mpya nayo itaungua, utalipa tena.

Cha kwanza angalia inachemsha wapi. Ikichemsha umesimama na ukitembea inapoa, hapo ni upepo: feni, rilei (swichi yake ya umeme), mota, ama kondensa ya AC iliyo mbele ya rejeta (kile kipozea maji ya injini) imejaa vumbi na wadudu. Ikichemsha mlimani na mwendo upo, upepo upo, basi maji hayatoshi ama hayapiti: rejeta imeziba, pampu imechoka, ama kuna mahali yanavuja. Yako ilianza na Likoni ikaja Mazeras. Ile feni ya dairekti ilisaidia ukiwa umesimama, shida ya maji ikabaki pale pale inakungoja upande mlima.

Thamostati sasa. Ya hiyo injini inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwa rejeta mpaka injini ipate joto lake la kufanyia kazi. Ukiitoa injini inakaa baridi muda mrefu, ndio hiyo taa yako ya bluu mpaka Makupa, na kompyuta ikiona injini baridi inaendelea kumwaga petroli ya ziada, angalia matumizi yako hutakosa kuona yamepanda. Oili nayo haipati joto la kukausha unyevu inageuka tope pole pole. Na injini nyingi zina njia ya pembeni ambayo thamostati ikifunguka inaiziba, ukiitoa ile njia inabaki wazi, maji mengine moto yanarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Yaani mtu anatoa thamostati ili gari isichemshe kumbe kwenye mzigo mzito ndio anazidisha.

Lakini kilichonishtua zaidi ni maji ya kisima, na hapa nasema na Mombasa nzima si wewe peke yako. Wengi wetu huku tumekaa juu ya jiwe la matumbawe. Ukichimba kisima yanatoka maji ya chokaa, na ukiwa karibu na bahari yanatoka na chumvi. Funua birika lako la chai uangalie ndani, ule ukoko mweupe. Ndio huo huo unajishika kwenye vijia vya rejeta, na vile vijia ni vyembamba sana, havihitaji ukoko mwingi kuziba. Chumvi nayo inakula alumini. Hedi yako ni alumini, rejeta ni alumini. Nimefungua hedi hapa gereji njia za maji zimeliwa vitundu vitundu mpaka mahali gasketi inapokaa, ukuta umebaki mwembamba ukiugusa na bisibisi unamomonyoka. Hiyo hata ukiichonga haishiki tena, ni kutafuta hedi nyingine.

Na gari zetu hazikuja hivyo. Fielder ikishuka Kilindini kutoka Japani huwa na kulanti, yale maji maalum ya kupozea injini, ya rangi ya waridi ndani. Ile ya waridi ya Toyota inakuja imeshachanganywa nusu kwa nusu, haitaki maji, na ndani ina dawa ya kuzuia kutu. Sisi gereji ya kwanza tu tunaimwaga tunatia ya mfereji. Watu wadhani kulanti ni ya nchi za barafu, si kweli, huku ndio tunaihitaji. Kifuniko cha rejeta kimeandikwa 1.1, ndio kipimo cha presha yake, kikiwa kizima kinashikilia presha mpaka maji matupu yafike kama nyuzi 120 ndio yachemke, ukiwa na kulanti yanapita hapo. Kifuniko kikilegea presha inatoka, maji yanachemka kwenye 100 na kidogo, na mlima wa Mazeras na AC unakufikisha hapo bila taabu.

Kabla ya 38,000 fanya hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi, narudia BARIDI, maanake kifuniko kikifunguliwa moto maji yanakurukia usoni. Binya mpira mkubwa wa juu wa rejeta kabla hujawasha. Ukiwa mgumu na gari imelala usiku kucha hiyo si dalili nzuri, gesi ya injini imeingia kwa maji. Fungua kifuniko, jaza, washa, angalia. Mapovu machache mwanzoni ni hewa, lakini yakiendelea kububujika bila kukoma na yakizidi ukikanyaga mafuta, hapo hedi naishuku. Chomoa kijiti cha oili uone kama imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ila angalia usidanganywe, utando kidogo mweupe chini ya kifuniko cha oili kwa gari iliyotolewa thamostati waweza kuwa ni unyevu tu, kijiti ndicho cha kuamini zaidi.

Halafu tafuta fundi mwenye pampu ya kupima presha. Inafungwa pale pa kifuniko cha rejeta, anapiga mpaka hiyo 1.1 injini imezimwa, mnaangalia mshale. Ukishuka maji yanatoka mahali, mtatafuta na tochi. Kukosa tone chini si hoja, maji yanayovujia kwenye injini moto yanakauka hapo hapo yanaacha alama nyeupe. Na kuna ile dawa ya bluu inawekwa juu ya mdomo wa rejeta, ikigeuka njano kuna moshi wa injini ndani ya maji. Hivyo vipimo vyote gharama yake haifiki hata robo ya hiyo kazi uliyotajiwa.

Jomvu_Kuu

Makanika na heshima zako, mimi Corolla yangu ya zamani haina thamostati miaka nenda miaka rudi na haijawahi kuchemsha. Mafundi wote wa huku wanatoa. Si vibaya kusema ukweli.

Makanika_Changamwe

Sikatai ndugu yangu, gari zipo zinazotembea hivyo. Rejeta yako yaelekea ni safi na safari zako pengine ni fupi. Lakini kutochemsha hakumaanishi haiumii. Siku ukifungua kifuniko cha juu cha injini ukaona oili imekauka nyeusi imegandana hapo utajua ilikuwa inalipia nini. Na mafundi wanatoa kwa sababu thamostati mbovu hukwama ikiwa imefunga, gari ikachemsha, wakitoa inapoa, basi wakaona dawa ni kutoa. Dawa ilikuwa kuweka nzima.

dereva_likoni

Hapo kwa feni na mimi niongeze. Fielder ikiwa haijachokorwa, ukiwasha AC tu feni yatakiwa izunguke yenyewe. Isipozunguka ushapata pa kuanzia. Mimi kabla ya kuingia foleni ya feri natega sikio niisikie.

Abuu_Mikindani

Ndugu zangu nimerudi. Allah awalipe, hasa Makanika. Mpira wa juu asubuhi laini. Mapovu yalitoka kidogo yakaisha. Kijiti oili ni nyeusi ya kawaida. Nikaenda kwa fundi mwingine ana hiyo pampu, akapiga, mshale ukaanza kushuka pole pole, tukamulika na tochi, upande wa mkanda kwenye pampu ya maji kuna kitundu kinatoka maji, na pembeni yake alama nyeupe imechuruzika mpaka chini, mimi siku zote nadhani ni vumbi. Dawa ya bluu imebaki bluu. Halafu gari ikiwa moto tukazima tukapitisha mkono kwenye rejeta, upande mmoja wa chini pamepoa kabisa na pembeni yake pamoto hupashiki. Akasema pameziba. Sasa nizibue rejeta ama ninunue? Na hedi niachane nayo?

Makanika_Changamwe

Hedi achana nayo, haijakukosea. Pampu ikivuja kwenye kile kitundu sili yake ya ndani imekwisha, haikazwi haizibwi, ni mpya. Rejeta usizibue kwa waya. Hizi za alumini zenye matangi ya plastiki ukizifungua kingo hazirudi kukaa sawa zinavuja, na waya unatoboa vile vijia. Nunua mpya.

Kabla ya kufunga vitu vipya injini isafishwe kwa maji mpaka yatoke masafi, usitie rejeta mpya kwenye injini yenye takataka za kisima. Thamostati irudi, kifuniko kipya cha 1.1, mkanda uangaliwe ukiwa umepasuka ubadilishwe papo hapo maanake unatolewa ili kutoa pampu. Feni irudishwe kwenye waya zake na rilei yake, ile dairekti huenda hata fyuzi haina, waya ukipata moto waweza kuunguza gari. Kulanti ya waridi lita 5 na ushee inatosha. Kujaza, hita iwe kwenye moto kabisa, kifuniko wazi, injini iungurume taratibu, fundi anabinya ile mipira hewa itoke mpaka maji yaache kushuka na hita itoe joto. Hewa ikibaki ndani utachemsha tena na utarudi kulaumu pampu.

MamaSwaleh

Na sisi tulio mbali na duka, ikipungua barabarani tutie nini?

Makanika_Changamwe

Mama beba chupa ya kulanti hiyo hiyo kwenye buti, ama maji yaliyotoneshwa yale ya kuongeza kwenye betri, si asidi, soma chupa vizuri. Ikishika hali mbaya kabisa tia maji yoyote masafi ufike nyumbani, ila ukifika yamwagwe yote utie sawa. Na gari ikiwa imechemsha usimwagie maji baridi, hedi inapasuka. Zima, ngoja hata nusu saa na zaidi.

Na ikitokea kweli hedi ni ya kufunguliwa, ulizia kabla: fundi ana rula ya chuma ya kupimia kama imepinda? Ana toku renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza? Bolti za hedi ya 1NZ zinakazwa nyutoni mita 29 kwa toku renchi halafu zinazungushwa nyuzi 90, halafu 90 tena, kwa mpangilio wake kuanzia katikati. Fundi akikwambia anakaza kwa mkono wa uzoefu, chukua ufunguo wako.

Abuu, thamostati ukinunua usifunge hivi hivi, za bandia ni nyingi. Itie kwenye sufuria ya maji jikoni, maji yakianza kutokota iwe imefunguka wazi, yakipoa ijifunge. Isipofanya hivyo rudisha dukani siku hiyo hiyo na risiti.