Tupeane uzoefu: kaunsela au supavaiza aliyekusaidia ukue, alifanyaje hasa?

Mleta mada:
Wakuu, kila mtu utamsikia "supavaiza wangu kanitoa mbali", ila ukimuuliza alifanya nini anabaki alikuwa mtu poa tu. Shukeni na mambo yenyewe, alisema nini, alinyamaza wapi, alikuachia nini ufanye mwenyewe.

Mchangiaji 1:
Mi nilienda kwa kaunsela baada ya kuachana na mume, nikajua ataniambia nirudi au nisirudi. Wapi! Yule dada anauliza tu "ukisema umechoka, umechoka na nini?" halafu kimyaaa. Iliniudhi, yaani nalipia kikao tuje kuangaliana? Ila kile kimya ndo kilinifanya niseme vitu hata ndugu zangu hawavijui, na uamuzi ulipokuja ulikuwa wangu, hata mambo yalipobana sikuwa na wa kumlaumu.

Mchangiaji 2:
Wangu supavaiza wa tasnifu. Nilijua rasimu itarudi nyekundu yote, ikarudi na maswali pembeni, "hapa unabishana na nani?", "data ingekuja kinyume ungesemaje?" Hakuniandikia hata sentensi moja, nilimchukia 😂. Siku ya kutetea tasnifu watahini wakauliza mule mule.

Mchangiaji 3:
Nasomea ukaunsela. Wengi hawajui kaunsela naye ana supavaiza wake, unampelekea kesi bila majina, mnasikiliza rekodi ya kikao kama mteja karidhia. Brigid Proctor, mtaalamu wa ukaunsela wa Uingereza, alizigawa kazi za supavaiza tatu, kukufundisha, kusimamia viwango ili mteja asiumie, na kukurudishia nguvu. Hiyo ya tatu ndo watu wanaisahau. Kuna kesi ya mtu na baba yake nilitoka nayo nzito kifuani, supavaiza akasimamisha rekodi akaniuliza "huu uzito ni wake au wako?" Nikakosa jibu. Akasema basi ulio wako kaufanyie kazi kwa kaunsela wako, hapa tumwongelee mteja. Sikujua kama hiyo mipaka inaweza kumpa mtu nafuu vile.

Mchangiaji 4:
Tusisifie sana kuachiwa jamani. Bosi wangu mmoja kauli yake "utajifunza ukikwama", ukikwama sasa, simu hapokei, meseji hajibu. Huko ni kutelekezwa. Aliyefuata naye aliniachia kazi ila kila Ijumaa ana muda wangu, simu kaiweka mbali, "umekwama wapi, umeshajaribu nini?" Akanipa niongoze kikao na wateja, yeye kakaa pembeni, wakimuuliza yeye swali analirudisha kwangu, na mi najua nikizama yupo.

Mchangiaji 1:
@Mchangiaji 4 hapo umegusa. Yule dada wa kimya nilipogusia kwamba sioni sababu ya kuishi hakunyamaza hata kidogo, aliniuliza moja kwa moja kama nafikiria kujiua, tukapanga palepale nani atakuwa na mimi usiku na nimpigie nani nikizidiwa. Kuulizwa waziwazi kulinipunguzia mzigo aisee.

Mleta mada:
Duh, pole sana dada, na asante kwa kusema. Sasa mlijuaje muda wa kuachana na kaunsela au supavaiza wenu umefika?

Mchangiaji 3:
Kwetu mwisho unaongelewa mapema, vikao vinaachanishwa, kila wiki inakuwa kila wiki mbili, mteja aone anavyomudu katikati.

Mchangiaji 2:
Mi nilijua siku aliponitumia rasimu yake yeye niisome. Nikaijaza maswali pembeni.