Unakadiriaje mapato ya serikali ya nchi ndogo yenye mafuta wakati wa vita? (Sudan Kusini)

Kijana_wa_Uyole
Habarini wakuu, nasoma uchumi mwaka wa tatu hapa Mbeya, tumepewa kazi ya kikundi tukadirie mapato ya serikali ya Sudan Kusini mwaka wa fedha 2023/24, yaani Julai hadi Juni kama wa kwetu tu. Wenzangu wanataka tuchukue mapipa kwa siku tuzidishe mara 365 halafu mara bei ya Brent (bei elekezi ya mafuta ghafi duniani), kazi imeisha. Tukiweka mapipa 100,000 na dola 70 inakuja kama dola bilioni 2.55. Mimi hii hela naiona nyingi mno kwa nchi ambayo watumishi wake wanamaliza miezi bila mshahara, lazima kuna makato makubwa hapo katikati, ila sijui nianze kukata wapi. Mwenye uelewa naomba msaada, tunawasilisha wiki ijayo.

Baba_Tunduma
Dogo umewaza vizuri. Hiyo bilioni 2.55 ni thamani ya mafuta yote yaliyotoka ardhini, serikali haijashika hela yoyote hapo. Mwaka wenu huo visima vilikuwa vinaendeshwa na makampuni, Wachina wa CNPC, Wamalaysia wa Petronas (hao waliondoka 2024) na wengine, na mkataba ni wa kugawana: kwanza wanatoa mafuta ya kurudisha gharama zao, yanayobaki ndio wanagawana na serikali. Tuseme serikali inaondoka na 45% (hiyo namba nakupa ya mfano, nyie mtafute ya kwenu muitetee mbele ya mwalimu), tayari kwenye mapipa milioni 36.5 ya mwaka umebaki na kama milioni 16.4.

Halafu bei. Usitumie Brent kavu kavu, mafuta yao mengi ni Dar Blend, mazito yana nta, yanauzwa kwa punguzo. Na nchi haina bahari, kila pipa linapita Sudan kwenda Port Sudan na Sudan inakata chake. Makubaliano ya Addis Ababa ya Septemba 2012 yaliweka dola 9.10 kwa pipa la Dar Blend na dola 11 kwa Nile Blend, aina yao nyingine ya mafuta, na juu yake dola 15 za kuifidia Khartoum (serikali ya Sudan) hadi itimie bilioni 3.028. Hizo 15 zilishamalizwa kulipwa kabla ya mwaka wenu, ila zielewe maana ndio somo lenyewe. Kwa miaka ile pipa la Dar Blend lilikuwa linalipa dola 24.10 bila kujali bei. Katikati ya 2014 Brent iko zaidi ya 100, hata ukitoa hiyo unabaki na hela ya maana. Januari 2016 Brent ikashuka chini ya 30, toa punguzo, toa 24.10, haya niambie serikali imebaki na nini, na vita vyao vya ndani vinaendelea. Bei ilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili lakini mapato ya serikali kwa pipa yakawa karibu na sifuri, ndio maana ilibidi wakae tena na Sudan kupunguza.

Kwa mwaka wenu fanya 70 toa 5 ya punguzo toa 9.10, unabaki na 55.90. Zidisha kwa milioni 16.4, ni kama dola milioni 918. Kutoka bilioni 2.55 hiyo, na vita bado sijaigusa.

Sisi huku tunapaswa kuwaelewa hawa watu kuliko wengine maana bomba la TAZAMA linatupitia, Zambia walijenga na sisi likafunguliwa 1968 baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru 1965 na njia yao ya mafuta ya kusini kukatika. Wao wanaingiza, Sudan Kusini wanatoa, ila shida ni ileile, hazina yako iko kwenye shamba la jirani.

Dada_Kihesa
Mzee amemaliza upande wa bei, mimi niongezee vita maana ndio swali lenyewe. Kijana usizidishe mara 365. Zidisha kwa miezi ambayo bomba lilikuwa linafanya kazi.

Yale mafuta yenye nta lazima yapashwe moto njiani la sivyo yanaganda, kama mawese ya Kyela ukiyapeleka Makete mwezi wa saba, asubuhi unayakuta yamesimama kwenye dumu. Vituo vya kusukuma vinahitaji dizeli, na vita ya Sudan ilipoanza Aprili 2023 vituo vingine vikawa kwenye eneo la mapigano, dizeli haifiki, mafuta yakaganda ndani na Februari 2024 bomba la Dar Blend likapasuka. Mwezi wa tatu Sudan ikatangaza rasmi kwamba imeshindwa kutimiza mkataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, na tangazo hilo halikuondolewa mpaka Januari 2025. Kwa hiyo Februari hadi Juni, miezi 5 kati ya 12 ya mwaka wenu, bomba kubwa limekufa na limebaki dogo la Nile Blend.

Weka kwamba Dar Blend ni 70% ya mapipa, hiyo nayo ni ya mfano. 70% mara 5 gawanya kwa 12 ni kama 29%, ile milioni 918 inashuka hadi 650. Na ukumbuke hela inaingia meli ikishapakia na mnunuzi akalipa, kwa hiyo shimo la Februari kwenye hazina utaliona baadaye kidogo, Machi au Aprili.

Alafu kwenye 650 bado sheria yao inataka 2% iende kwa majimbo yanayozalisha na 3% kwa jamii za pale visimani. Na bado mikopo! Serikali ilishakopa kwa wafanyabiashara wa mafuta kwa ahadi ya shehena za mbele, meli ikiondoka hela inaenda kwa mdai kwanza. Hili linaniuma kwa kweli, nesi wa Malakal anasubiri mshahara kumbe mafuta ya mwezi wake yalishauzwa zamani.

Kijana_wa_Uyole
Shikamooni wakubwa, nawashukuru sana. Sasa hapa naweka jedwali la miezi 12, kila mwezi mapipa yake na bomba lake. Swali la mwisho, bajeti yao iko kwa pauni, nibadilishe?

Baba_Tunduma
Marahaba. Baki na dola mpaka mstari wa mwisho kabisa. Desemba 2015 waliiachia pauni, ikatoka kama 3 kwa dola hadi zaidi ya 18 kwa mkupuo, ukiangalia mapato kwa pauni utadhani serikali imetajirika mara sita na hakuna hata pipa moja lililoongezeka. Mwalimu akilazimisha pauni, weka kiwango cha serikali na cha mtaani, safu mbili, aone tofauti mwenyewe.