A1, A5 au A6? Nataka kumpitisha ami yangu barabara ya zamani ya Uingereza, ya kabla ya motowei

Mkunazini_Leicester

Habari zenu wadau.

Ami yangu anakuja kututembelea mwezi wa sita, inshallah. Ana miaka 88. Alisomea ualimu London kuanzia 1956, na safari hii ana ombi moja tu: apande gari kwenda kaskazini kwa barabara ya zamani, bila kugusa motowei, yaani zile barabara kuu za kasi.

Kisa chake tumekisikia tangu tukiwa watoto. Kiangazi cha 1957, mgao wa petroli ulioletwa na vita vya Suez ulipokwisha, bwana aliyempangisha chumba alimchukua kwenda Glasgow kwa Morris Minor. Bwana yule bega lilimuuma, kwa hiyo ami ndiye aliyeshika usukani sehemu kubwa ya njia. Nje kidogo ya mji mmoja wakakutana na mzungu mwenye sare, buti na glavu ndefu, juu ya pikipiki ya njano yenye kigari cha pembeni. Alipowakaribia akainua mkono akapiga saluti. Ami alikuwa kijana wa miaka ishirini, katoka Zanzibar ambako yeye alizoea kuona saluti ikipigwa kwa Sultani na kwa Balozi wa Kiingereza. Anasema nusura aingie mtaroni.

Namba ya barabara haikumbuki. Anakumbuka mji wa mawe ya kijivu, mlima mrefu uliofuata baada yake, ukungu, na lori mbele yao likifuka mvuke kama birika.

Nimepunguza mpaka tatu: A1 ya kwenda Edinburgh, A5 ya kwenda Holyhead, na A6 ya kwenda Carlisle. Ipi bado ina sura ya wakati ule? Na ipi itamfaa mzee mwenye magoti mabovu?

Dereva_wa_Usiku

Mkuu, naendesha lori A1 kila wiki, mwaka wa kumi na tisa huu. Nakusihi, usimlete huku.

Jina ni kubwa, sikatai. Ndiyo namba moja tangu barabara zilipopewa namba miaka ya 1920, maili 410 kutoka London mpaka Edinburgh. Lakini karibu kila mji aliopita mtu wa 1957 umeshakwepwa. Stamford walijengewa njia ya pembeni 1960, Doncaster 1961, na wameendelea hivyo hivyo mpaka 2018, walipomaliza kuigeuza motowei kati ya Leeming na Barton, huko Yorkshire. Mzee atakaa saa tano anatazama ukuta wa vyuma na makalio ya malori kama langu.

Kitu kimoja tu nitakitetea. Ukiwa na nafasi, toka uingie Stamford. Kibao cha hoteli ya George bado kimevuka barabara nzima juu kwa juu, kutoka ukuta huu mpaka ule, kama lango. Zamani gari zote za London na Edinburgh zilipita chini yake.

Fundi_Likoni

Kabla ya barabara tuzungumze gari. Unamchukua kwa gari gani? Maana ukimpandisha ami kwenye gari la kisasa lenye kiyoyozi, hata ukimpitisha njia ya 1957 hataisikia.

Minor nimezifungua na kuzifunga nyingi, ufundi nilianza nazo Mombasa. Ilitoka 1948, na mpaka 1961 haikuwa na indiketa za taa. Ilikuwa na mikono: kijiti cha rangi ya machungwa kinachochomoza kwenye nguzo ya mlango unapotaka kukata kona. Kikiingia unyevu kinagoma kutoka, na dawa yake ni ngumi moja kwenye nguzo, kwa ndani. Muulize ami. Kama aliendesha kweli, mkono wake utaonyesha wenyewe pa kupiga.

Zipo za kukodi kwa siku. Kiti chake ni cha chini lakini mlango wa mbele unafunguka wote, kwa magoti si mbaya. Ila usiipeleke motowei. M1 ilipofunguliwa Novemba 1959 haikuwa na kikomo cha mwendo, na magari mengi yalikufa siku za kwanza kwa sababu hayakuundwa kukimbizwa muda mrefu bila kupumzika. Rejeta zilichemka, injini zikakwama.

Mwalimu_Cardiff

Mimi ni mtu wa A5, na nitaisemea kwa moyo wote.

Nusu ya kwanza ni njia ya Warumi, imenyooka kama uzi. Raha yenyewe inaanza ukishapita Shrewsbury. Hapo uko kwenye kazi ya mhandisi Thomas Telford, aliyeijenga ili gari la barua la farasi lifike Holyhead kwenye meli ya Dublin. Alipasua milima ya Wales kwa mteremko wa taratibu kiasi kwamba farasi aliweza kuendelea kukimbia akipanda. Leo ukipita bonde la Ogwen unahisi hivyo hivyo: milima mikubwa pande zote, na gari lako halihangaiki. Nguzo zake za maili bado zimesimama kando ya ukuta, na daraja lake la kuning'inia la Menai, la 1826, bado linavusha magari.

Kwa magoti ya mzee hakuna barabara laini kuliko hii. Na kama ana nafasi ya kuja hadi huku kwetu, nitamwonyesha Aust, palipokuwa na feri ya magari kabla ya daraja la Severn la 1966. Ikikosekana feri, unazunguka Gloucester nzima. Mtu wa Likoni anaelewa ninachosema.

Zuhura_wa_Kendal

Mwalimu, A5 ni nzuri, lakini ami hakupita huko. Anayekwenda Glasgow haendi Holyhead.

Nimesoma maneno yale, "mji wa mawe ya kijivu, halafu mlima", nikasimama. Mimi naishi hapo. Ni Kendal, Wazungu wenyewe wanauita mji mkongwe wa kijivu. Na ukitoka Kendal kwenda kaskazini kwa A6 unaanza kupanda Shap mara moja. Kilele chake kiko juu ya mita 400, na huko juu hakuna mti wala kibanda cha kukukinga upepo.

Kabla ya motowei ya M6 kufika sehemu hii mwaka 1970, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya malori ya Glasgow upande huu wa nchi. Lori zito likipanda kwa gia ya kwanza, foleni inajipanga nyuma yake. Majira ya baridi theluji ikifunga mlima madereva walikwama usiku kucha, na watu wa mashambani wakawapa chakula na pa kulala. Kulikuwa na mkahawa wa madereva mlimani humo, ukiitwa Jungle, ambao wazee hapa bado wanautaja. Kwenye kilele, pa kuegeshea magari, kuna jiwe la ukumbusho wa madereva wale na wenyeji waliowasaidia. Sijui sehemu nyingine ninakopita ambapo madereva wa malori wamewekewa jiwe.

A6 haikupanuliwa kwa sababu M6 iliyachukua magari yote. Kona ni zile zile, kuta za mawe ni zile zile. Mlete. Nitawapokea juu kwa chapati.

Njeri_Luton

Naomba niseme jambo, na silisemi kwa ubaya. Tukizikumbuka barabara hizi kwa mapenzi, tusisahau ziliwatendea vipi watu wetu. Hadi 1965 nchi hii haikuwa hata na sheria ya bunge ya kupinga ubaguzi wa rangi. Nyumba za kupangisha ziliweka vibao dirishani vya kutukataa. London hadi Glasgow kwa Minor si safari ya siku moja. Ami alilala wapi?

Mkunazini_Leicester

Dada Njeri, asante kwa kuuliza, maana sehemu hiyo ami huisema kwa sauti ya chini.

Jioni ile yule bwana alibisha hodi nyumba mbili. Ya kwanza waliambiwa kuna nafasi, mpaka ami aliposhuka garini na mabegi. Ya pili hawakufika hata mlangoni. Wakalala garini, kando ya mkahawa wa madereva. Alfajiri mtu akagonga kioo. Dereva wa lori, mikono myeusi kwa grisi, ameshika vikombe viwili vya chai na vipande vya mkate juu yake. Akasema neno moja ambalo ami hakulielewa kwa lafudhi yake, akaondoka.

Kwa hiyo anavyo vyote viwili, saluti na mlango uliofungwa, na anavihadithia pamoja.

Abuu_Reading

Kuhusu saluti. Yule alikuwa mlinzi wa AA, chama cha wenye magari kilichoanzishwa 1905. Mwanachama alifunga beji ya chuma mbele ya gari, na mlinzi akiiona alipaswa kusalimu. Chanzo chake ni ujanja mzuri: trafiki wakiwa wamejificha mbele na saa zao za kupimia mwendo, mlinzi hakusalimu. Dereva akikosa saluti alijua apunguze mwendo, au asimame aulize kulikoni. Hakuna mahakama ingeweza kumhukumu mtu kwa kutokusalimu. Desturi hiyo ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960, magari yalipokuwa mengi mno.

Kwa hiyo aliyesalimiwa ni beji. Simwambii ami kwa kumvunja moyo.

Mkunazini_Leicester

Anajua, mzee wangu. Alielezwa siku ile ile. Jibu lake ni hili: "Saluti ilikuwa ya beji, lakini macho yaliniangalia mimi."

Dereva_wa_Usiku

Basi ni A6, imekwisha. Ila usiiendeshe yote. Luton, Leicester, Derby, Manchester utapoteza siku nzima kwenye taa. Lala siku ya kwanza Buxton ukitokea Matlock, hapo barabara inafuata mto chini ya miamba na inapendeza sana. Siku ya pili vuka Manchester mapema, kodi hiyo Minor ukifika Lancaster au Kendal, upande mlima saa nne asubuhi ukungu ukishanyanyuka.

Abuu_Reading

Na mkiwa Kendal, siku ya tatu mpelekeni Dunmail Raise, barabara ya A591 baada ya Grasmere. Kimebaki kibanda cha simu cha AA pale, nambari 487, cheusi na njano. Zamani kila mwanachama alikuwa na ufunguo unaofungua vibanda vyote nchini.

Mkunazini_Leicester

Wadau, tumerudi salama. Niwape habari.

Fundi, ulisema kweli. Tulipompandisha kwenye Minor tu, kabla hata sijawasha, mkono wake ulienda kwenye nguzo ya mlango ukapiga ngumi moja. Gari ile ni ya 1962, ina indiketa za taa. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Kendal aliitambua kabla sijamwambia. Kupanda Shap alininyamazisha nisiongee, akawa anasikiliza injini. "Sasa gia ya tatu. Ngoja. Sasa ya pili." Dada Zuhura alikuwa juu anatusubiri na chapati na chupa ya chai, upepo unataka kumvua mtandio, Mungu amlipe. Nikamsomea ami lile jiwe kwa Kiswahili, akaniambia nirudie pale panapotajwa wenyeji waliowapa chakula na hifadhi waliokwama.

Kisha akatazama barabara huku na huku akaniuliza, "Malori yako wapi?"

Tulikaa pale karibu nusu saa. Lilipita trekta moja na waendesha baiskeli wawili. Sisi tulikuwa tumemchagulia barabara hii kwa sababu imebaki tupu, na yeye utupu ule ulimsumbua. Kwake A6 ilikuwa malori. Taa zao usiku, harufu ya breki, yule mtu wa chai.

Zuhura akatuongoza mpaka kijidaraja kinachovuka juu ya M6 karibu na kijiji cha Shap. Ami akashuka, akashika ukingo, akaegemeza mkongojo wake. Yalikuwa yanapita chini yetu mfululizo. Alihesabu mpaka themanini na kitu, kisha akaniuliza kama madereva wa siku hizi wana pa kulala.

Dereva_wa_Usiku

Mfikishie salamu zangu ami. Mwambie jana nililala egesho la kando ya A1 karibu na Grantham, kwa sababu kituo kilikuwa kimejaa tangu saa mbili usiku. Asubuhi hakukuwa na chai.