Kundi la familia, Watu wa Kuka (babu): modemu ya Senje (shangazi)

08:04 Senje Luanda: Hamjambo nyumbani. Naomba msaada. Modemu niliyonunua jana nimeichomeka kwa kompyuta ya kibandani, taa inawaka kijani, lakini intaneti hakuna. Kwa skrini imetokea picha ya sidii imeandikwa Mobile Partner. Nikiifungua naona mafaili ya .exe tu, na hayafunguki.

08:05 Senje Luanda: Aliyeniuzia anasema modemu haiendi na Linux iliyo kwenye kompyuta yangu, nirudishe Windows. Tarehe 30 Juni ni wiki ijayo na watu wa ritani za kodi za KRA wameshaanza kuja. Leo asubuhi nimewarudisha wawili.

08:07 Dada Kondele: Pole sana Senje. Si utumie hotspoti ya simu kwa sasa?

08:08 Senje Luanda: Simu natembea nayo. Nikienda sokoni kijana wangu anabaki pale mikono mitupu. Ndiyo sababu nikanunua modemu.

08:11 Baba Mdogo Nakuru: Dada, usirudishe chochote. Modemu ni nzima. Ile sidii unayoiona imo ndani ya modemu yenyewe.

08:12 Mama Mkubwa Kakamega: Sidii iingie vipi kwa kitu kidogo hivyo?

08:14 Baba Mdogo Nakuru: Si sidii ya kushika, mama. Modemu ina kumbukumbu ndogo ndani yake, na ikichomekwa inajitangaza kwa kompyuta kwamba ni sidii. Iliundwa hivyo kwa ajili ya Windows: sidii inajifungua, programu inajiweka, kisha modemu inaambiwa sasa geuka uwe modemu. Kwa Linux hizo .exe, ambazo ni programu za Windows, hazifanyi lolote, kwa hivyo hakuna anayeiambia igeuke. Ni kama mgeni aliyesimama langoni na mzigo wake, anangoja tu asikie "karibu".

08:15 Mama Mkubwa Kakamega: Hapo nimeelewa. Basi mkaribisheni.

08:19 Mpwa Maseno: Senje habari ya asubuhi, nimetoka darasani sasa hivi. Fungua lile dirisha jeusi nililokuonyesha, teminali. Andika neno moja, litaorodhesha vitu vilivyochomekwa kwa USB:
lsusb
Halafu nitumie picha.

08:23 Senje Luanda: [picha]

08:25 Mpwa Maseno: Asante. Angalia mstari wenye 12d1:1446. Hiyo 12d1 ni namba ya Huawei, modemu zao zote huanza hivyo. 1446 ndiyo hali ya sidii. Ikigeuka, namba ya nyuma itabadilika, na kwa E173 kama yako natarajia 1436. Usihangaike na taa. Tazama namba hiyo tu.

08:26 Mpwa Maseno: Programu ya kuigeuza inaitwa usb-modeswitch. Mimi ndiye niliyekuwekea Debian, hiyo Linux yako, na nilipunguza vitu ili mashine yenye kumbukumbu ya giga 2 isilemewe. Hiyo niliiacha nje. Nisamehe Senje, umepoteza wateja kwa sababu yangu.

08:27 Senje Luanda: Usijali mwanangu. Ila kuipata kunahitaji intaneti, na intaneti ndiyo sina.

08:29 Mpwa Maseno: Simu yako itakuwa daraja, mara hii moja tu. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa chaji, ingia mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Kisha:
sudo apt update
sudo apt install usb-modeswitch modemmanager

08:34 Senje Luanda: Inaniuliza neno la siri lakini nikiandika hakuna kinachotokea. Kibodi imekufa?

08:34 Mpwa Maseno: Hapana, ndivyo ilivyo. Linux haionyeshi hata nukta. Andika hadi mwisho, piga Enter.

08:41 Senje Luanda: Imekubali. Imemaliza.

08:42 Mpwa Maseno: Chomoa simu. Chomoa modemu, hesabu hadi kumi, irudishe. Kisha lsusb tena.

08:45 Senje Luanda: 12d1:1436!!!

08:45 Dada Kondele: 👏🏾👏🏾👏🏾

08:46 Baba Mdogo Nakuru: Safi kabisa. Mwaka 2009, nyaya za baharini zilipofika Mombasa, mimi nilikuwa napigana na kitu hiki usiku kucha kwa wvdial, programu ya kuunganisha modemu, unaandika faili kwa mkono na kupiga *99# kama unapiga simu. Hiyo usb-modeswitch iliandikwa na Josua Dietze, na orodha ya modemu inazozijua imejengwa na watu waliotuma namba za modemu zao. Kila nikiiona ikifanya kazi nawashukuru watu hao.

08:48 Mpwa Maseno: Sasa tuone kama modemmanager, programu inayoendesha modemu, inaiona:
mmcli -L

08:50 Senje Luanda: Imesema Modem/0 na jina la Huawei. Ngoja. Nimerudia, sasa inasema hakuna modemu. Tena imerudi, lakini ni Modem/1.

08:52 Mpwa Maseno: Inakatika na kurudi, ndiyo maana namba inapanda. Tuone kompyuta imeandika nini kuihusu. Andika sudo dmesg | tail

08:54 Senje Luanda: USB disconnect. Iko mara tatu.

08:55 Baba Mdogo Nakuru: Dada, umeichomeka wapi?

08:56 Senje Luanda: Mbele, kwa ule waya mrefu, ili modemu ikae dirishani. Bati la kibanda linaziba netwaki.

08:59 Baba Mdogo Nakuru: Hapo ndipo penye shida. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500. Modemu ikitafuta mnara inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na waya mrefu mwembamba unaupunguza njiani. Umeme ukishuka modemu inazima na kuanza upya. Matundu ya mbele nayo yameunganishwa kwa waya mwingine mwembamba ndani ya kasha. Ichomeke nyuma, moja kwa moja kwenye ubao mama.

09:00 Senje Luanda: Na netwaki?

09:02 Baba Mdogo Nakuru: Sogeza mashine yote karibu na dirisha. Ukitaka waya, tafuta mfupi na mnene, usizidi mita moja.

09:13 Senje Luanda: Tumezima, tumehamisha meza, mimi na kijana, tukawasha tena. Modem/0, dakika tano haijatetereka.

09:14 Mpwa Maseno: mmcli -m 0
Angalia state (hali) na signal quality (nguvu ya netwaki).

09:16 Senje Luanda: registered. 45%.

09:17 Mpwa Maseno: Inatosha. Laini ni ya Safaricom, sivyo? Sasa tuunde muunganisho. Andika haya kwa mstari mmoja, na alama ' ' zilizo pande mbili za nyota usiziache:
sudo nmcli c add type gsm ifname '*' con-name modemu apn safaricom
Kisha:
sudo nmcli c up modemu
Siku ukiweka laini ya Airtel, mahali pa safaricom andika internet.

09:18 Baba Mdogo Nakuru: Kabla ya hiyo ya pili, bando lipo? Bila bando itakula kredo yote kabla hujafungua ukurasa wa pili.

09:19 Senje Luanda: Lipo, nililinunua kwa *544# laini ikiwa bado kwa simu.

09:22 Senje Luanda: Imesema successfully activated. Nafungua iTax, tovuti ya KRA.

09:24 Senje Luanda: Imefunguka. Jamani imefunguka. Polepole lakini imefunguka.

09:25 Mama Mkubwa Kakamega: Mungu ni mwema. Mgeni ameingia ndani.

09:26 Mpwa Maseno: Hiyo ni 3G, usitarajie video, lakini fomu zitaenda. Moja la mwisho, ili kompyuta ijue hii ni intaneti ya kulipia na baadhi ya programu zisishushe vitu vikubwa kimyakimya:
sudo nmcli c modify modemu connection.metered yes

09:31 Dada Kondele: Senje, na yule aliyekuuzia?

09:33 Senje Luanda: Nitapita kwake jioni nimwonyeshe. Anauza nyingi kama hizi, na kuna mtu ameshaitupa yake akidhani imekufa. Amenihakikishia kwa uso mkavu kabisa, naye hajawahi kujaribu.

10:12 Senje Luanda: Mteja wa kwanza amepata risiti yake. Ritani ya sifuri, mwalimu mstaafu. Ni mmoja wa wale wawili wa asubuhi, nilimpigia akarudi.

10:14 Senje Luanda: Kijana ameandika yote nyuma ya kalenda: lsusb, 1436, mmcli -L, up modemu.

10:15 Baba Mdogo Nakuru: Mwambie aongeze juu kabisa, kwa herufi kubwa: TUNDU LA NYUMA.

10:17 Senje Luanda: Ameongeza. Niwaache sasa, watu wanne wako kwenye benchi.