Kuunganisha viraba vya krosheti: sindano au kulabu?

MamaPili: Jamani wafumaji, viraba vyangu (vipande vya mraba) vya blanketi vimekamilika, safu 8 za viraba 10, mzunguko wa mwisho wote mweupe. Nikivishona kwa sindano natokezewa na tuta kwa juu, halafu vingine vimezidi vingine kwa ukubwa. Ninyi mnafanyaje?

Uzi_na_Kulabu: Shoga, anza na ukubwa. Viloweshe, vibane kwa pini juu ya taulo kwa kipimo kimoja, viache vikauke. Kilichozidi sana, fumua mzunguko wa mwisho urudie kwa kulabu ndogo.

BibiFundi: Tuta linatokana na kushika nyuzi zote mbili za kila jicho, yaani lile umbo la V ukingoni. Laza viraba ubavu kwa ubavu, sura juu, chukua uzi wa nyuma tu. Zile za mbele zitabaki kama fremu, inapendeza. Na usivute! Uzi ukikazwa blanketi linakunjamana. Shona mstari mzima bila kukata uzi, mistari yote ya mwelekeo mmoja, ndipo ugeuze ushone ile ya kukatiza.

MamaPili: Na kulabu, bibi?

BibiFundi: Ni haraka zaidi, lakini inakula uzi na mara nyingi tuta hubaki. Mwanangu, shika sindano.